Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Walimu wa Hisabati, Mtwara

Ndugu wanachama, walimu wenzangu,

Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Mtwara kuchele!

Shughuli za kawaida mnazijua, nyingi mlishiriki. Siku ya Kimataifa ya Hisabati, 14 Machi, tuliiadhimisha kama miaka iliyopita. Mashindano ya wanafunzi yalifanyika, kamati ilikaa vikao vinne, na mtaala mpya wa kidato cha kwanza tumeendelea kuujadili. Nawashukuru wote.

Sasa niseme juu ya uamuzi wa Mei, maana maneno yamekuwa mengi na mengine yamenifikia nyumbani.

Kamati ilifuta mtihani wetu wa pamoja wa kidato cha nne na kupeleka fedha kwenye semina ya siku mbili iliyowaweka pamoja walimu wa sekondari na wa shule za msingi. Wazo lilikuwa langu. Niliandika andiko mwenyewe na sitajificha nyuma ya kamati.

Februari nilikaa usiku nne na madaftari ya kidato cha kwanza na cha pili. Nilichokikuta kilinikosesha raha. Nusu kujumlisha theluthi, mtoto anaandika 2/5: kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Hasi 3 kutoa 5, anaandika 8, kwa sababu alikaririshwa kwamba hasi na hasi ni chanya, na hakuna aliyemwambia kwamba kanuni hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya. Huyu ndiye tunayemsubiri kidato cha nne tumpe mtihani wa majaribio wenye logariti na trigonometria, kisha tushangae. Mtihani ule ulikuwa wa tatu katika muhula uleule, baada ya ule wa mkoa na wa halmashauri. Matokeo yalirudi Oktoba, watoto wakiwa wanajiandaa na mtihani wa Taifa. Nani alipata nafasi ya kurekebisha kosa?

Kuna na suala la lugha. Mtoto wa Tandahimba kasoma kigawe kidogo cha shirika na MAGAZIJUTO (mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kwa Kiswahili mpaka darasa la saba. Januari anaingia sekondari, anakutana na mambo yaleyale kwa Kiingereza, na hakuna anayemwambia kuwa ni yaleyale. Anaona kaanza somo geni. Kwenye semina, walimu wetu sita wenye shahada walikiri kwamba hawakujua wenzao wa msingi wanakiitaje kile wanachokifundisha wao kila Januari. Nilifurahi waliposema kweli.

Nimelaumiwa kwamba nimewashusha hadhi walimu wa sekondari kwa kuwakalisha dawati moja na walimu wa msingi wenye cheti. Ndugu zangu, hili limeniumiza. Somo bora la siku zile mbili lilifundishwa na mwalimu wa darasa la sita. Alileta mizani na bakuli la kangomba, yaani lile ambalo walanguzi hupimia korosho za mkulima badala ya mizani, akamwaga korosho mezani, akatuuliza: ikiwa bakuli linazidi kilo, mkulima anayelipwa bei ya kilo moja kapoteza sehemu gani ya mzigo wake? Uwiano, sehemu na asilimia vyote vikatoka kwenye bakuli lile. Kila mtoto wa mkoa huu anaijua kangomba, mzazi wake kaumizwa nayo. Mimi nimefundisha uwiano miaka 17 na sikuwahi kulifikiria.

Wengine wanasema nilivunja katiba ya chama. Akidi yetu ni nusu ya wanachama. Tuko 84, kwa hiyo tunahitaji 42. Mkutano wa kwanza walikuja 19, wa pili 23. Katiba inasema akidi ikikosekana mara mbili, kamati iamue. Tuliamua. Waliopiga kelele zaidi baadaye hawamo katika orodha yoyote kati ya zile mbili za mahudhurio, na orodha ninazo.

Kuhusu chakula, kwa wanaonong'ona kwamba kazi nilimpa ndugu yangu: kilipikwa na mama lishe wa jirani na shule. Si ndugu yangu, wala si ndugu wa mke wangu. Risiti anazo mweka hazina.

Hesabu ni hizi. Tulianza na bakaa ya shilingi 780,000, ada iliyokusanywa 620,000, jumla 1,400,000. Semina ilitumia 1,240,000: nauli 560,000, chakula 430,000, karatasi na uchapaji 250,000. Vikao vilitumia 95,000. Zimebaki 65,000. Washiriki wa semina walikuwa 38. 22 wa msingi na 16 wa kwetu, wa sekondari.

Kumi na sita kati ya 84. Ada ya mwaka ni 20,000, waliolipa ni 31, na wanachama 53 wanadaiwa jumla ya 1,060,000. Ninajua Juni watu wako shambani wanapulizia mikorosho salfa, na Oktoba akili zote ziko kwenye mnada wa korosho. Mimi pia nina mikorosho. Lakini walimu wa Newala wanaamka alfajiri, wanashuka kutoka uwanda wa Makonde na kufika saa tatu kamili, wakati wanachama wa hapa mjini, ambao bodaboda ingewafikisha kwa dakika kumi, wananitumia ujumbe wa udhuru saa nne. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamejaa, mzigo ni mkubwa, nakubali. Mzigo huo ndio sababu ya kukutana.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuifikisha semina Masasi na Nanyumbu, na kuandaa kijitabu cha istilahi za hisabati kwa lugha zote mbili kwa ajili ya kidato cha kwanza. Fedha zikipatikana, tutaona pia suala la seti za jiometri. Wanaotaka mtihani wa pamoja urudi walete hoja hapa mkutanoni. Nitaipokea, na nitaipinga kwa sababu nilizozitaja.

Mweka hazina amekaa mlangoni na daftari la risiti mpaka saa nane.

Mwenyekiti