Walimu wa kompyuta, fundisheni na WebAssembly

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nina steshenari Mwanga hapa Kigoma, kila wiki vijana wa chuo wananiletea flashi zimejaa virusi wanataka niwawekee programu kwenye laptop zao. Sasa kuna hii WebAssembly, njia ya kuendesha programu ndani ya brauza, inaniuma sana kwamba hawafundishwi. Unaandika programu yako kwa lugha ya C au Rust, kompaila, yaani programu ya kutafsiri, inaigeuza kuwa baitikodi, maagizo mafupi ambayo brauza inayaelewa, kwenye faili la .wasm, mtu akifungua ukurasa brauza inalishusha, inalikagua kwanza halafu inaligeuza lugha ya mashine ya kifaa hichohicho, iwe simu iwe kompyuta, hakuna cha kuinstoo. Wala siyo majaribio, tangu 2017 Chrome, Firefox, Safari na Edge zote zinaisoma, na Desemba 2019 W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wakaipitisha kuwa kiwango rasmi.

Juzi binti mmoja kaja na kikokotoo chake cha C, mistari kama arobaini hivi, tukakikompaili, kikafunguka kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Nikamwambia zima data. Kikaendelea kupiga hesabu, akawa anabonyezabonyeza tu namba, kimya, anatabasamu.

Walimu wetu jamani, anzeni muhula huu huu.

Mwenye steshenari,
Mwanga, Kigoma