Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Selimundu kwa Mgeni Rasmi, Juni 19

Mheshimiwa Mbunge wetu na Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mganga Mkuu wa Wilaya, viongozi wetu wa dini, Mwalimu Mkuu uliyetuazima uwanja na viti, wazazi wenzangu, na ninyi watoto mliovaa fulana nyekundu hapo mbele: Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha katika Siku ya Selimundu Duniani. Mheshimiwa, tunajua una shughuli nyingine mchana huu, na Mwenyekiti ameniambia nisizidi dakika kumi. Ameniambia mara tatu.

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la kliniki. Tulikuwa akina mama saba, tukichangiana nauli na kutafutiana watu wa kutoa damu. Leo tuko kaya arobaini na mbili, akina baba wamejiunga, tuna mfuko wa kukopeshana, na tuna daftari la wachangia damu ambao ukiwapigia simu saa nane usiku wanakuja. Mapato na matumizi yamo kwenye taarifa uliyokabidhiwa pale mlangoni, hatutayasoma hapa.

Leo tumekuja na jambo ambalo pengine hukulitarajia kutoka kwa mamalishe, wavuvi na walimu wa msingi. Tunataka kuzungumza nawe habari za tiba ya jeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, selimundu ni kosa la herufi moja. Mwili una maandishi, ndiyo hiyo jeni, yanayouelekeza namna ya kutengeneza himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Mtoto akirithi maandishi yenye kosa kwa baba na kwa mama pia, chembe zake nyekundu zikipungukiwa oksijeni hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na hapo ndipo usiku unapokuwa mrefu nyumbani. Herufi moja tu. Wewe mwanasiasa unaijua tofauti ya kura na kula, na sisi wa Kanda ya Ziwa unajua tunavyozichanganya.

Kosa hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake kule Marekani walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa hawa ni ya namna nyingine. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha mahali penyewe palipokosewa. Na katikati ya hapo, mwaka 1954, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya huku kwetu Afrika Mashariki: kwamba anayerithi kosa kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo sababu kosa hili limestawi kwenye nchi zenye mbu. Kwa hiyo, Mheshimiwa, damu ya watu wetu imo katika elimu hii tangu mwanzo. Tunaomba ulikumbuke hilo tutakapofika kwenye maombi.

Tangu Ingram hadi dawa ya kwanza inayokwenda kwenye jeni ilipita miaka 67. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, na Desemba 8 mwaka huohuo Marekani ikaidhinisha hiyo pamoja na nyingine iitwayo Lyfgenia, zote kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Casgevy imetokana na mkasi wa kukata jeni ambao uliwapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020.

Namna inavyofanya kazi inatugusa sisi wazazi, kwa sababu tumeishuhudia bila kujua. Mtoto mwenye selimundu hazaliwi akilia maumivu. Ananyonya, ananenepa, majirani wanamsifu. Halafu karibu na miezi sita vidole vinavimba na macho yanakuwa ya njano. Wengine tuliambiwa ni kijicho. Kumbe mtoto huzaliwa na himoglobini ya kichanga, aliyoitumia tumboni, na hiyo haina kosa. Kadiri miezi inavyokwenda mwili unaizima, kwa swichi ambayo wataalamu wanaiita BCL11A, na kuwasha ile ya kikubwa. Tiba hii haigusi kabisa ile herufi iliyokosewa. Inaharibu swichi ndani ya seli shina, zile zinazozaa damu, ile himoglobini ya kichanga inarudi, na mtu mzima anaishi kwa damu ya utotoni. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi kumi na miwili mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Hapa kwetu kuna mtoto ambaye hajawahi kumaliza muhula mmoja namna hiyo.

Sasa, Mheshimiwa, kuna neno linatukera. Tiba hizi zinahesabiwa kuwa za magonjwa adimu. Marekani ugonjwa adimu ni ule wenye wagonjwa pungufu ya 200,000, na wenye selimundu kule wanakadiriwa kuwa 100,000. Tanzania inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Kwa miaka kumi tu tungekuwa tumewapita Wamarekani wote, kama watoto wetu wangekuwa wanabaki hai. Huo uadimu uko Chicago. Huku, njoo kliniki siku ya Jumatano utafute pa kukaa.

Bei ya Casgevy ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mgonjwa mmoja. Lyfgenia ni dola milioni 3.1. Mweka hazina wetu alipopiga hesabu ya mfuko wetu dhidi ya bei hiyo, alifunga daftari akaomba chai.

Na bei peke yake sio mlima wote. Seli shina zinavunwa kwenye damu, zinasafirishwa maabara kufanyiwa kazi kwa miezi, kisha mgonjwa anapewa dawa kali za kusafisha uloto, ile nyama laini ya ndani ya mfupa, ndipo anarudishiwa seli zake, na anakaa wodini wiki kadhaa akiwa hana kinga. Dawa hizo zinaweza kumfanya asizae. Jambo hili lilitugawa kwenye kikao chetu cha Machi. Mama mmoja alisema bora binti aliye hai asiye na mtoto. Mwingine akamjibu kwamba uamuzi huo ni wa binti, mama asimwamulie. Hatukupiga kura. Tulimuuliza binti mwenyewe, ana miaka 15, akasema anataka kwanza afanye mtihani wa kidato cha pili bila kulazwa.

Kuna mzazi pia aliyeuliza kama hawa watu watakuja kutujaribia. Hilo swali tunaliheshimu. Mwaka 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki katika jaribio la tiba ya jeni kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na hapo ni Marekani, penye sheria na wanasheria. Lyfgenia yenyewe inauzwa ikiwa na onyo la saratani ya damu. Hatuogopi utafiti. Tunaogopa utafiti unaofika na fomu ya Kiingereza na kalamu, ukaondoka na damu, tusisikie tena habari zake.

Habari njema ipo. Mwaka 2019 taasisi za taifa za afya za Marekani na mfuko wa Bill na Melinda Gates walitangaza kutoa dola milioni 100 kila upande, kwa miaka minne, kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazoweza kutumika hata kwenye nchi kama yetu: ikiwezekana sindano moja mwilini, bila kusafisha uloto. Sindano hiyo bado haijafika kliniki. Hapa nyumbani Muhimbili wamekuwa na programu ya selimundu tangu 2004, iliyojengwa na Profesa Julie Makani na wenzake, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kupandikiza kunahitaji ndugu anayelingana, na wengi hatuna. Lakini wodi, wauguzi na mashine za kazi hiyo ndizo zitakazohitajika siku tiba ya jeni ikija. Hatuanzi na uwanja mtupu.

Tunakuja kwenye maombi.

La kwanza ni dogo kwa bei na kubwa kuliko yote. Kuna kidonge kiitwacho haidroksiurea. Nacho kinaiamsha ile himoglobini ya kichanga, kwa kiasi. Yaani kazi ya shilingi bilioni 5, sehemu yake inafanywa na kidonge. Kilijaribiwa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto wetu wa Kiafrika, na matokeo yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo pia. Kwetu kidonge hiki mwezi huu kipo, mwezi ujao unaambiwa jaribu duka la nje. Tunaomba, Mheshimiwa, ukakiulizie bungeni kwa jina. Ha-i-dro-ksi-u-re-a. Tumekuandikia kwenye karatasi.

La pili ni kupima watoto wachanga. Hapa naomba radhi, nitoke kidogo kwenye karatasi. Kifungua mimba wangu alitibiwa malaria mara nne na taifodi mara mbili, kwenye kituo ambacho sitakitaja kwa sababu wahudumu wake walikuwa wanatumia walichonacho. Hakuna aliyempima selimundu. Alifariki ana miaka miwili na nusu. Jina la ugonjwa wake nililijua baada ya mdogo wake kupimwa. Siku hizi kuna vipimo vya tone moja la damu vinavyotoa majibu kwa dakika chache; mtoto akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini, anawahi chanjo, na mama anafundishwa kupapasa wengu. Tunaomba vipimo hivyo viwepo kwenye wodi za wazazi za wilaya hii, tuanze na hospitali ya wilaya, tusingoje mpaka vitoshe kila zahanati. Mdogo wake huyo ni yule pale aliyeshika bendera. Ana miaka 14. Umri wa Casgevy ameshaufikisha.

La tatu ni hili la utafiti. Tunaomba Tanzania isiwe mteja wa mwisho kwenye foleni. Majaribio ya tiba mpya yakipangwa, tuwe ndani mapema, vijana wetu wasomeshwe kazi ya maabara hizo, fomu za ridhaa ziandikwe Kiswahili kinachoeleweka na mtu aliyeishia darasa la saba, na kabla ya damu ya mtu kutoka nchini pawe na maandishi yanayosema tiba ikipatikana itauzwa hapa kwa bei gani. Hatujui sheria inapaswa kuandikwaje. Wewe ndiye tuliyekutuma huko.

Mengine, likiwemo paa la chumba cha kliniki linalovuja juu ya mizani, yamo kwenye taarifa ukurasa wa nne.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii watoto watakuimbia wimbo mmoja. Watauimba wakiwa wamekaa, tusiwachoshe, jua limeshakuwa kali. Maji ya kunywa yako kwenye ndoo mbili pale chini ya mwembe, naomba wazazi wa mstari wa mbele wawapelekee watoto kwanza.

Naomba kuwasilisha.