Kifeni chako hakilali

Kibokoni, Mombasa
Februari

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillah. Mamangu anakusalimu na anauliza kama bado unakula vibandani. Kimya kimezidi, najua, tutagombana ukija. Leo nina neno moja tu, nalo ni lako, maana hii Raspberry Pi, hiki kikompyuta kidogo, ni wewe uliyeniuzia.

Mashine yenyewe siilaumu. Kanda zote za marehemu mzee zimo ndani sasa, mawaidha na zile za harusi ya shangazi, na watoto wanazisikiliza kwa simu zao. Tatizo ni kifeni. Unajua mama msimu huu wa kaskazi halali chumbani, anatandika sebuleni karibu na dirisha, na kisanduku kiko palepale, ndani ya kabati la TV. Mtaa ukishatulia ndipo kinapoanza kusikika, ziii, hakipumui. Mama anakiita "mbu wa stima". Juzi naamka alfajiri nakuta ameliziba kabati kwa kanga! Mashine nayo ilikuwa kazini, inanakili kanda. Nikaandika vcgencmd measure_temp, amri ya kuuliza joto la chipu, jibu: nyuzi 81. Mama ananiambia, "Si kimenyamaza?" Kimenyamaza wapi, ni kanga tu imemeza sauti. Ikifika 80 chipu huanza kujipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo hakikuungua kitu, lakini moyo ulinienda mbio.

Sasa nisikilize. Ndani ya config.txt, faili la mipangilio ya mashine, nimeukuta mstari wako: dtoverlay=gpio-fan,gpiopin=14,temp=60000. Yaani feni iwake ikifika 60, na yenyewe haizimi mpaka joto lishuke nyuzi 10 zaidi, 50. Kwenu Nairobi sawa kabisa, na lile sweta lako. Hapa hewa ya ndani ya kabati ni 36 usiku wa manane! Feni ikizunguka, chipu inakaa 52, 53, hata kama haifanyi chochote. Hiyo 50 itaionea wapi? Ikiwaka jioni imewaka mpaka kesho. Na feni haizalishi baridi, inasukuma hewa ileile ya chumba, na hewa yetu unaijua.

Kwa hiyo mashine nimeitoa kabatini, nimeisimamisha wima kwenye rafu, na 60000 nimeifanya 75000, yaani feni iwake ikifika 75. Wallahi kimya. Ikiwa haina kazi inacheza kwenye 60 bila feni, na mimi sioni ubaya, chipu hizi zimeundwa kuvumilia. Lakini nikianza kunakili kanda tu, ziii. Mchana haina neno, ila mchana mimi niko dukani.

Swaleh (wewe unamjua, kila kitu ana dawa) anataka nifunge feni kubwa ya kompyuta ya mezani, ya volti 12, niipe 5. Inazunguka kivivu na kweli haisikiki, nimeiona kwake. Vifeni vidogo vinapiga kelele kwa sababu lazima vizunguke mbio ndipo visukume hewa ya maana. Ila yake iko wazi haina wavu, na pale nyumbani kuna vidole vya Nasra. Halafu mama atasema sasa nimeleta panga boi.

Ninachotaka mimi ni lile kasha la alumini lisilo na feni, ambalo kifuniko chake kina kinundu kinachogusa chipu, katikati panawekwa kile kipande laini cha kupitisha joto, na mwili mzima unageuka kuwa kipozeo. Hapa mjini nimezunguka, wanaouza wanayo ya plastiki tu, tena mmoja alitaka kunipa la Pi 3, toleo la kabla ya yangu. Halitoshei, matundu ya chaji na HDMI si yaleyale. Wanasema chuma kinapunguza nguvu ya Wi-Fi, lakini yangu inatumia waya, hainihusu.

Basi niambie: pale mjini kwenu bado unamjua yule jamaa wa vipuri? Bei gani siku hizi? Unaweza kunichukulia moja uje nalo Idd, au nikutumie pesa kabisa? Unakuja na treni au na basi? Na yako mwenyewe inafikisha ngapi ukiipa kazi? Alumini na hii chumvi ya bahari vitapatana, au Swaleh ananitisha tu? Na lile jambo la Mama Zuhura limeishaje, mbona umenyamaza?

Wasalaam,
nduguyo Athman

N.B. Yangu ni Pi 4, si 5. Usije ukadanganywa dukani.