Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Umeme wa Miji na Masharti ya Nishati Safi ya California

Ndugu wanachama,

Mwaka 2025 umefungua kipindi cha tano cha masharti ya nishati jadidifu, ambacho kitafungwa mwishoni mwa 2027 kwa kiwango cha 52% ya umeme unaouzwa kwa wateja. Kipindi cha nne, 2021 hadi 2024, kilifungwa kwa 44%. Maswali mengi yaliyofika mezani mwaka huu yalikuwa ya makaratasi: mkataba uwe wa miaka mingapi, cheti (hati inayothibitisha kuwa umeme ni jadidifu) ni cha kundi gani, kifungwe lini, yaani kitumike na kuondolewa sokoni. Miji midogo hukwama hapo kabla ya kukwama kwenye paneli au mitambo ya upepo.

Kwa wanachama wapya, hasa mliozoea shirika moja la taifa kama TANESCO: mji wa California unaomiliki shirika lake la umeme hujipangia bei wenyewe, kupitia baraza la jiji au bodi yake. Tume ya Huduma za Umma, inayosimamia bei za kampuni binafsi, haiwagusi. Hadi 2011 miji ilijiwekea pia malengo yake ya nishati jadidifu. Sheria ya SB X1-2 ya mwaka huo ikauondoa uhuru huo. SB 350 ya 2015 ikaongeza kiwango, na SB 100 ya 2018 ikakifikisha 60% ifikapo mwisho wa 2030, na umeme wote wa wateja utoke kwenye vyanzo visivyotoa kaboni ifikapo mwisho wa 2045. Mkaguzi ni Tume ya Nishati ya California. Ikiukuta mji na upungufu haiutozi faini yenyewe. Hulipeleka jalada kwa Bodi ya Rasilimali za Hewa.

Hesabu. Wengi husoma "44%" wakadhani ni ya mwaka wa mwisho peke yake. Sivyo: kila mwaka wa kipindi una asilimia yake, na zote hujumlishwa. Kwa kipindi cha nne zilikuwa 35.75, 38.5, 41.25 na 44. Kwa mfano, mji uliouzia wateja MWh 400,000 kila mwaka ulihitaji vyeti 638,000 kwa miaka minne, kila cheti kikiwa MWh (megawati-saa) 1. Kinachozidishwa ni umeme uliouzwa kwenye mita za wateja. Uliopotea njiani haumo. Kwa hiyo mauzo yakipanda, deni linapanda nayo. Santa Clara, ambako vituo vya data hula zaidi ya nusu ya umeme wa mji, wanalijua hili kuliko wengine.

Vyeti navyo havilingani. Kundi la kwanza ni umeme pamoja na cheti chake, kwa kawaida kutoka mtambo uliounganishwa moja kwa moja na gridi ya California. La pili ni umeme wa nje ya jimbo unaopangwa upya ndipo uingizwe. La tatu ni cheti kitupu, kilichotenganishwa na umeme wake. Kundi la kwanza lisipungue 75%, la tatu lisizidi 10%. Katika mfano wetu, vyeti vitupu haviwezi kupita 63,800 hata viwe rahisi kiasi gani, na vikizidi havibebwi kama bakaa ya kipindi kijacho.

Sharti linalouma zaidi lilianza 2021: angalau 65% ya vyeti vinavyohesabiwa vitoke kwenye mitambo ya mji wenyewe au mikataba ya miaka 10 au zaidi. Kwa mfano huohuo ni vyeti 414,700. Mji wenye vyeti 640,000 mkononi, lakini 380,000 tu vya muda mrefu, bado haujatimiza. Mkataba wa miaka 9 na miezi 11 ni mkataba mfupi. Na pengo hili halizibwi kwa kukimbilia sokoni Novemba, kipindi kikikaribia kwisha, kwa sababu mkataba mrefu kwa kawaida hutegemea mtambo ambao haujajengwa, na mtambo husubiri foleni ya gridi, kibali cha ardhi na transfoma. Ushauri wa kamati: anzeni kununua kipindi kimoja kabla, na msiweke hesabu yote kwenye mradi mmoja. Miji midogo ikanunue kwa pamoja, kama wanavyofanya wanachama wa NCPA kaskazini na SCPPA kusini, vyombo vya pamoja vya mashirika ya umeme ya umma. Muuzaji hababaiki na mji unaotaka megawati 3.

Kuna kosa jingine la kimyakimya. Mkataba wa jua unaosema MWh 50,000 kwa mwaka hauleti vyeti 50,000. Mchana wa masika gridi ikifurika, mtambo huamriwa kupunguza, na umeme ambao haukupita kwenye mita hauna cheti. Wekeni akiba.

Halafu tarehe. Cheti hufungwa kwenye daftari la WREGIS, mfumo wa kufuatilia vyeti hivi magharibi mwa Marekani, ndani ya miezi 36 tangu mwezi umeme ulipofuliwa. Kikipitwa, hakihesabiwi tena. Mhasibu mmoja na kalenda ya kila mwezi vinatosha kabisa kuzuia hasara hii, na inashangaza ni miji mingapi haina hata kimoja.

Nafuu zipo kwa mji unaopungukiwa: ukomo wa gharama za ununuzi, au kuongezewa muda kwa sababu kama kuchelewa kuunganishwa na gridi au kupunguzwa kwa ufuaji kusikotarajiwa. Lakini bodi lazima iwe imepitisha kanuni hizo mapema, katika kikao cha wazi kilichotangazwa. Ukingoja upungufu ujitokeze, umechelewa.

Wenye maji ya mabwawa makubwa wasijidanganye. Mtambo wa maji unaozidi megawati 30 kwa kawaida hauhesabiwi kwenye 60%, ingawa utafaa kwa lengo la 2045. San Francisco ina kifungu chake cha sheria kwa ajili ya Hetch Hetchy, mfumo wake wa mabwawa na umeme wa maji, na hakiazimiki.

Ripoti ya ununuzi wa 2025 ifike Tume ya Nishati kufikia tarehe 1 Julai 2026. Kamati itapokea rasimu za kukaguliwa hadi mwisho wa Aprili. Ambatanisheni orodha ya mikataba yenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, pamoja na nakala ya azimio la bodi.