Presha ya oili haipotei kwa siku moja kwa sababu ya uzee

Ndugu Mhariri,

Taa nyekundu ya oili ikiwaka kwenye gari la miaka 20 au 30, dereva hupewa haraka moja ya kauli tatu: badilisha swichi, mimina oili nzito, au injini imechoka, ifunguliwe yote. Sisi mafundi wa injini tunaomba nafasi tuzipinge kauli hizi, kwa sababu zinaruka neno lenye uzito kuliko yote katika maelezo ya dereva, yaani "ghafla".

Beringi za krenki (mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni) hulika taratibu. Mwenye gari lenye geji huona mshale ukilala kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, hasa injini ikishika moto. Presha iliyokuwa nzuri jana na leo haipo kabisa huwa na sababu nyingine: oili imemwagika, chujio la ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) limeziba au bomba lake limechomoka, valvu ya kuachia presha imekwama ikiwa wazi, kizibo cha njia ya oili kimeng'oka, au kinachozungusha pampu kimekatika. Nyingi ya hizo zinatengenezeka bila kugusa krenki, ila kwa sharti kwamba injini imezimwa palepale. Swichi nyingi hufunga saketi na kuwasha taa presha ikiwa imeshashuka hadi kati ya psi 4 na 7 (psi ni kipimo cha presha), kwa hiyo taa ikiwaka ukiwa mwendoni hakuna akiba iliyobaki. Kusema "nisogee hadi gereji" ndiko kunakogeuza kazi ya saa chache kuwa injini iliyonoki.

Ukishazima, subiri dakika 5 hadi 10 oili irudi chini, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Usiangalie kimo tu. Inusie, isugue kati ya vidole. Oili yenye harufu ya petroli na wepesi wa maji, tena kimo chake kikiwa juu ya alama ya mwisho, ni dalili kubwa kwenye gari la kabureta lenye pampu ya mafuta inayosukumwa na kamshafti (mhimili unaofungua valvu): ngozi ya pampu hiyo ikichanika, petroli huingia moja kwa moja kwenye sampu. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji ya rejeta. Na kama gari limetoka kubadilishwa oili, chungulia filta kwanza. Mpira wa filta ya zamani ukibaki umeganda kwenye kitako chake na mpya ikafungwa juu yake, mipira miwili haiwezi kuzuia presha, na oili yote inaweza kumwagika kwa muda mfupi sana.

Kimo kikiwa sawa, usiwashe tena kujaribu bahati. Washa swichi ya ufunguo tu na uchomoe waya wa swichi ya oili. Kwenye magari mengi ya zamani yenye waya mmoja taa itazima. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani. Ikizima, umejua tu kwamba waya ni mzima. Bado hujui kama kosa ni la swichi au presha kweli haipo, na hapa ndipo wengi hukimbilia kununua swichi.

Kipimo cha haki ni geji ya mkono inayofungwa kwenye tundu la swichi. Uangalifu unahitajika kwenye uzi, yaani meno ya kuskrubia. Magari mengi ya Japani hutumia uzi wa inchi 1/8 wa BSPT (kiwango cha Uingereza), wenye meno 28 kwa inchi, na mengi ya Marekani inchi 1/8 wa NPT (kiwango cha Marekani), wenye meno 27. Kwa macho ni mapacha, na adapta ya moja huingia kwenye nyingine mizunguko miwili mitatu kabla ya kukaza. Ukiilazimisha, utaharibu uzi wa bloku au kuupasua ukingo wake. Ifunge kwa mkono kwanza. Ikigoma mapema, siyo yenyewe.

Washa kwa sekunde chache. Mshale usipoinuka kabisa, zima. Ukiinuka, acha injini ipate moto wa kazi ndipo usome. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, lakini kipimo cha jumla ni kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Presha iliyo duni injini ikizunguka bila kukanyagwa, lakini ikapanda vizuri ukikanyaga, inaelekeza kwenye beringi au pampu iliyolika, na huo ndio uzee wenyewe. Mshale unaotetemeka unasema pampu inavuta hewa. Presha nzuri mwanzoni inayoporomoka kadiri unavyokanyaga ni chujio la sampu lililoziba. Hili la mwisho lina tabia inayowadanganya wengi: injini ikipumzika dakika kadhaa, uchafu hudondoka kutoka kwenye wavu, taa inazima, na mtu anaapa kwamba ilikuwa swichi.

Shusha sampu. Kwenye wavu utakuta masizi mazito kama lami, vipande vya silikoni ya gasketi iliyopakwa kupita kiasi (mstari wa milimita 2 hadi 3 unatosha), au meno ya nailoni ya gia ya taimingi kwenye baadhi ya injini za V8 za zamani. Kagua oringi ya bomba la kufyonzea na bolti za pampu. Katika injini ya dizeli ya Td5 ya Land Rover, bolti inayoshika gia ya pampu ya oili inajulikana kwa kulegea na kutoka yenyewe, na presha hukatika mara moja. Toa pia pistoni ya valvu ya kuachia presha: ikiwa kavu na safi inapaswa kuteleza kwenye tundu lake kwa uzito wake. Chembe moja inatosha kuikwamisha. Isafishe, lakini usivute springi yake wala kuiwekea washa (pete ya chuma).

Kata na filta ya zamani, kwa kikatio cha kopo, si msumeno unaomwaga chengachenga zake ndani. Tandaza karatasi yake ya ndani juani. Vumbi linalong'aa na kukataa sumaku ni la alumini au beringi. Ukiona rangi ya shaba, tabaka la juu la beringi limekwisha, na hapo krenki ipimwe.

Oili nzito je? Pampu husukuma oili, na presha hutokana na njia kubana. Pengo la beringi likiongezeka mara mbili, oili inayovuja huongezeka karibu mara nane. Kutoka oili ya 10W-40 kwenda ya 20W-50, iliyo nzito zaidi, kutainua mshale kidogo kwenye injini iliyolika, lakini chujio likiwa limeziba, oili nzito hupita kwa shida zaidi, na ugonjwa unazidi.

Unapofunga, jaza pampu oili kabla ya kuirudisha. Pampu za gia za Rover V8 zikikaa kavu hushindwa kuvuta, ndiyo maana hujazwa mafuta ya mgando ya vaselini. Kisha toa plagi, kata moto na mafuta, zungusha kwa stata sekunde 10 kwa 10 hadi mshale wa geji uinuke. Usipoinuka, usirudishe plagi.

Sisi mafundi wa injini, wasomaji wenu