Mtaala ukibadilishwa, waliomo wasisahaulike

Mhariri,

Chuo kikuu kinapotangaza kozi mpya na nyingine zilizorekebishwa, sisi wazazi wa Mombasa hufurahi. Bandari ya Kilindini iko papa hapa, na vijana wetu wanahitaji masomo ya meli, uchukuzi na uvuvi yanayoendana na kazi za leo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa chenyewe kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, kikawa politekniki, hadi kikapewa hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mabadiliko hatuyakatai.

Lakini binti yangu, anayesoma katika chuo kimoja nisichokitaja, alikuwa mwaka wa tatu mtaala wao ulipobadilishwa. Masomo mawili aliyokwisha kuyafaulu yakawa hayamo tena kwenye orodha. Aliniwekea karatasi ya matokeo mezani, ameyazungushia wino mwekundu, akaniuliza, "Mama, haya niliyasomea nini?" Sikuwa na la kumjibu. Ikabidi aongeze muhula mzima, na kodi ya chumba haikungoja.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayoidhinisha kozi hizi. Naiomba idai kila chuo kieleze, kabla ya kuanza mtaala mpya, wanafunzi wa ule wa zamani watamalizaje. Kizazi cha kwanza cha mtaala wa umilisi (CBC) wa shuleni kinatarajiwa vyuoni mwaka 2029, na kozi nyingi zitabadilika kwa ajili yao. Waliomo madarasani sasa wapewe hakikisho la maandishi, tena mapema.

Mzazi,
Kisauni, Mombasa