Barua kwa mwanangu: Muulize Bikira umri wake

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Picha za ile sanamu ya kauri ya Bikira Maria ulizotuma juzi nimezikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Baba yako anasema ninunue miwani, si sanamu. Bikira huyo ni mzuri, sikatai: mweupe, mkanda wa buluu, mikono imekutana kifuani, rozari imening'inia mkono wa kulia, waridi la dhahabu juu ya kila mguu. Na huyo muuzaji wa Jumapili hapo Lyon anakuapia kwamba sanamu ina miaka mia mbili, anataka euro 180. Mama, usimlipe kwanza.

Mkanda huo na hayo maua miguuni ni maelezo ya Bernadette, yule msichana wa Lourdes, Ufaransa. Kabla ya Februari 1858, Bikira alipoanza kumtokea kule Lourdes, hakuna fundi aliyekuwa na sababu ya kumvika hivyo. Tena ule mkao wa kuinua macho juu umeigwa kutoka sanamu ya marumaru ya Joseph-Hugues Fabisch, iliyowekwa kwenye pango alipotokea mwaka 1864. Bernadette mwenyewe alipoiona hakuridhika, alisema siye aliyemwona. Lakini viwanda vilishapata cha kuiga, na hata groto, lile pango la Bikira la parokia yetu, imefuata mkao huo huo. Basi hesabu miaka kuanzia hapo, uone kama mia mbili inafika.

Mimi nimejifunza kwa hasara. Miaka ile kabla hujazaliwa, nikifungasha vyombo kwenye duka la vitu vya kale Ubelgiji, mchuuzi mmoja aliniuzia sanamu ya Theresia wa Mtoto Yesu, ameshika msalaba na mawaridi, akasema ni ya 1850. Nikatoa mshahara wa wiki nzima. Mimi niliyebatizwa jina lake! Bosi wangu aliitazama, akaniuliza tu Theresia alizaliwa lini. 1873. Alifariki 1897, akatangazwa mtakatifu 1925. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo namuuliza mtakatifu umri wake kabla sijamsikiliza muuzaji. Ukikuta Bikira anatoa miale mikononi, huyo anatokana na maono ya mtawa Catherine Labouré, Paris, 1830. Ukiona watoto watatu wamepiga magoti mbele yake na kondoo pembeni, hao ni wa Fatima, Ureno, 1917.

Sasa mpindue uone kitako. Utakuta tundu. Sanamu hizi ndani ni tupu: udongo wa majimaji humiminwa kwenye kalibu ya plasta, plasta inakunywa maji, unabaki ukoko mwembamba, na tundu ni la kutolea hewa isije ikapasuka tanuruni. Tafuta mshono ubavuni, mahali kalibu zilipokutana. Kama uso haung'ai, umekaa kama sukari iliyoganda, hiyo Wafaransa wanaiita biskuti (usicheke), yaani kauri isiyopakwa kitu cha kuing'arisha. Halafu ona ajabu: kwetu neno kauri ni jina pia la lile gamba la pwani, simbi, na Wazungu nao neno lao porcelaine limetoka kwenye jina la Kiitaliano la simbi hiyo hiyo.

Usishangae ukikosa alama ya kiwanda. Nyingi za Paris hazikuwa nayo. Lakini ukikuta neno Germany kwa Kiingereza, ujue viwanda vya Ujerumani, hasa Thuringia, vilitoa sanamu kama hizo kwa wingi, na Marekani ilianza kudai jina la nchi kwenye bidhaa za nje mwaka 1891, kwa hiyo yenye neno hilo huenda ni ya baada ya hapo. Kuwa ya Kijerumani si kosa. Kosa ni kuuziwa kama ya Kifaransa.

Vidole ndivyo vinavyovunjika kwanza, kisha shingo. Pitisha ukucha taratibu. Azima tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayokagulia noti. Palipozibwa kwa gundi na rangi mpya mara nyingi pataonekana tofauti. Dhahabu iliyofifia isikusumbue. Hiyo huchomwa mwisho kwa moto mdogo, kwa hiyo hulika kwa kushikwashikwa, na mimi napenda zaidi iliyofifia. Ninayoikimbia ni ile iliyong'arishwa upya ili ivutie wateja.

Ukiona yuko mzima, mwambie muuzaji utampa euro 70, sema umeambiwa na mama yako. Akikataa, ondoka polepole, atakuita. Ukimpata, usimwoshe kwa maji ya moto wala sabuni ya unga, brashi laini ya rangi inatosha. Siku ya kusafiri zungushia mikono pamba kwanza, kisha kile kitenge changu cha zambarau, na asiingie kwenye begi la kupakiwa. Mshike mwenyewe mpaka Kilimanjaro. Nimeshaondoa vikombe kwenye rafu ya juu ya kabati, pale kando ya Theresia wangu wa 1850.

Mama yako